Ngoma ya Mapacha Kwenye Bariyeri

Mimi ni mwoga, na afadhali niliseme hilo mapema ili msomaji asinitegemee sana. Nimefundisha Kifaransa miaka ishirini na mitatu katika shule moja ya sekondari huku Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, na kwa miaka yote hiyo watu wameniita Prof, nami nikaamini kwamba mtu anayeitwa Prof hachinjwi. Vita vya mashamba vilipoanza kutukaribia, nilitoa diploma yangu sandukuni, nikaifunga kwenye plastiki, nikaipigilia misumari kwenye mlango wa nje. Nilitaka yeyote atakayekuja na panga ajue anaingia kwa nani.

Mvua ya siku ya pili ikaingia ndani ya plastiki. Wino wa muhuri ukachuruzika hadi ukafunika jina langu. Mke wangu aliitazama ile karatasi, akasema kwamba misumari, angalau, imeshika vizuri.

Makabila mawili yalikuwa yakigombania msitu mmoja: nani aliuza, nani alinunua, mzee wa nani alizikwa pale kwanza. Sitayataja, kwa kuwa wote ni majirani zangu na bado naishi katikati yao. Mimi si wa huku wala wa kule. Wazazi wangu walitoka Maniema, babu yangu alikuwa akifundisha Kurani, na mke wangu ni mtoto wa wavuvi wa maporomoko ya Wagenia, watu wa maji ambao msitu hauwahusu. Kwa hesabu yangu, basi, vita vingetupita pembeni.

Wenzangu hawakuweka imani yao katika diploma. Akina mama wa mtaa waliokwenda kuchimba mihogo walipanga mstari mchanganyiko, mmoja wa kabila hili, mmoja wa lile, ili kwenye bariyeri yoyote, kizuizi cha njiani, watakayoikuta awepo wa kusema neno na vijana wa kabila lake. Waliokimbia waliwaachia majirani nguo za kuanika kila asubuhi, nyumba ionekane ina watu. Mambo hayo nilikuwa nikiyaona, na nilikuwa nikiyadharau. Niliona kwamba mtaa unakosa mtu wa kuzungumza na wale vijana kwa hoja, na nilimjua mtu huyo.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni fundi seremala, mtu mrefu mwenye masharubu mazito na maneno machache. Ni wa kabila ambalo kwenye avenyu yetu lina nyumba chache tu. Mke wake na watoto walikuwa wamekwisha kuvuka mto kwenda kwa shemeji yake mjini, lakini yeye alibaki ili amalize fremu za milango alizokuwa ameagizwa. Kabla hajazimaliza, vijana wa kabila la pili wakaweka bariyeri kwenye mwisho wa avenyu, kati yetu na bichi, pale mitumbwi inapopakia abiria. Asubuhi hiyo akaruka ukuta wetu, randa yake kwapani. Tukamweka katika stoo nyuma ya magunia ya makala, yaani makaa.

Wiki ileile, mtu wa kabila lake alitolewa katika nyumba ya watu avenyu ya tatu, na hakuonekana tena. Nyumba ile nayo ilichomwa. Kwa hiyo sote watatu tulijua tunachochezea. Fundi angekutwa, angeuawa, nasi tungelala nje, tukiwa na bahati. Siku tatu alikaa mle ndani bila hata kukohoa, na mimi siku tatu nilikuwa nikishtuka kila kuku akikwaruza.

Siku ya tatu nikatangaza kwamba nakwenda kuongea nao. Nilivaa suti yangu ya mitihani ya serikali na tai. Niliandika hotuba ya ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, juu ya uhuru wa raia kutembea. Mke wangu aliuliza kama nimeandika na kwa Kiswahili, nami nikamjibu kwamba Kifaransa kina uzito wake.

Bariyeri yenyewe ilikuwa mti wa mwanzi juu ya mapipa mawili. Palikuwa na vijana wanane hivi, mapanga, pinde, na bunduki moja ya kuwindia. Mkubwa wao, ambaye wenzake walimwita Komanda, alikuwa amekaa juu ya pipa akila ndizi ya kuchoma. Nilimtambua mara moja. Alikuwa amekaa katika darasa langu miaka mitatu badala ya mmoja, kwa sababu mara mbili nilimwangusha kwa dikte, yaani imla.

Nilianza hotuba. Nilifika mstari wa pili.

«Prof,» akasema, «leta ile karatasi. Geuza. Kamata biki. Leo mie njo nitasomesha.»

Akanisomea dikte. Ilikuwa ileile niliyomwangushia, habari ya mkulima na ng'ombe wake, na alikuwa akiikumbuka kwa kichwa, neno kwa neno. Niliandika nikiwa nimesimama, karatasi juu ya paja, tai ikining'inia, vijana wakichungulia begani. Alipomaliza aliichukua, akaitazama kwa muda mrefu, juu, chini, juu. Kosa halikuwepo, hilo nalisema mpaka leo kwa fahari ambayo haikunisaidia kitu.

«Zero,» akasema. «Juu ya mwandiko mubaya.»

Wakacheka sana. Mimi pia nilicheka, kwa sauti kuliko wote. Hapo ningeweza kuaga na kurudi nyumbani nikiwa na sifuri yangu. Lakini mwalimu akinyamazishwa huwashwa mdomo, na nikasema jambo ambalo hakuna aliyeniuliza.

«Na kwa nyumba yangu hakuna mutu.»

Kicheko kikakatika. Komanda alilitupa ganda la ndizi, akanitazama usoni. Hakuonekana amekasirika. Alionekana kama mtu aliyepewa mzigo ambao hakuutaka.

«Bon,» akasema. «Kesho tutakuya kutembea kwako, Prof. Saa ine ya asubui.» Nilipokuwa nimekwisha kugeuka akaniita tena. «Umesikia? Saa ine.»

Nilirudi nyumbani nikitafuta namna ya kulieleza jambo hili ili lisionekane kosa langu. Sikuipata. Nilimwambia mke wangu mlangoni, kwa sauti ya chini ili fundi asisikie, lakini ukuta wa stoo ni wa mabati na alisikia yote. Nilitegemea mke wangu atapiga kelele.

«Alisema saa ine?» akauliza.

«Alisema.»

«Mara mbili?»

«Mara mbili. Anatutisha.»

Alinawa mikono, akabadili kitambaa cha kichwa, akatoka. Niliketi juu ya gunia la makala pamoja na fundi. Nilimwomba radhi. Akasema si kitu, Prof, halafu akaendelea kuipangusa randa yake kwa kipande cha shati, taratibu, upande huu na upande ule. Nilitamani anitukane.

Jioni mke wangu alirudi na mpango, na mpango huo ulikuwa ngoma ya mapasa. Mapasa ndivyo tunavyowaita mapacha. Mwanamke wa kiwanja cha tatu kutoka kwetu alikuwa amejifungua wawili wiki mbili nyuma, na kwa sababu ya vita walikuwa hawajatolewa nje. Huku kwetu mapacha hawatolewi kimyakimya. Wazazi wa mapacha wote wa mtaa hukusanyika, hujipaka udongo mweupe usoni, huwabeba watoto kutoka avenyu hadi mtoni wakicheza, na huimba matusi, matusi ya kweli, ya viungo vya siri vya kila mtu anayepita, awe padri au polisi. Anayetukanwa haruhusiwi kukasirika. Anayeusimamisha msafara huwapa watoto zawadi, na kila kitu hutolewa viwiliviwili, la sivyo mmoja ataona wivu na ubaya utamrudia mtoaji. Na siku hiyo wanaume huvaa kama wanawake na wanawake kama wanaume.

«Wanaume wanavaa vitenge,» mke wangu akarudia, akinitazama, kwa kuwa alijua mimi huelewa polepole.

Sisi nasi tuna mapacha, wasichana wawili, kwa hiyo mimi ni Papa Mapasa, baba wa mapacha; sasa wako chuo kikuu ng'ambo ya mjini. Walipotolewa nje, miaka kumi na tisa iliyopita, mimi sikuwepo. Nilisema mjukuu wa mwalimu wa Kurani, tena mwenye diploma, hawezi kukata viuno njiani akiimba upuuzi. Nilijifungia shuleni nikasahihisha madaftari mpaka jioni. Shemeji zangu wavuvi walicheza mahali pangu, na mke wangu alilitembeza jambo hilo moyoni miaka yote hiyo bila kulitaja.

«Kesho utacheza,» akasema sasa.

Niliuliza kama mama wa wale watoto amekubali kuwapitisha wachanga wake mbele ya mapanga. Mke wangu alisema amekubali, kwa sababu fundi ndiye aliyemtengenezea kitanda alichojifungulia, tena kwa vipande vilivyobaki. Niliuliza kama si hatari. Alisema ni hatari, na akaniuliza kama nina hotuba nyingine.

Saa moja asubuhi fundi alinyoa masharubu. Bila masharubu alikuwa na uso wa mtu mwingine, mdogo na mpole, nikajisikia vibaya kumtazama. Tulimvisha kitenge, blauzi ya dada mnene wa mke wangu na kitambaa kichwani. Randa alikataa kuiacha. Tukaifunika kwa majani ya mgomba ndani ya beseni, akajitwika. Shemeji zangu wawili walikuwa wamevuka na mtumbwi wao alfajiri, nao wakavaa, wakicheka, kwa sababu wao waliipenda siku hiyo. Mimi nilivaa kitenge cha mke wangu chenye ndege wakubwa wa kijani. Yeye alivaa suti yangu ya mitihani, na tai. Ilimkaa vizuri kuliko mimi.

Tulitoka saa mbili, watu kama ishirini, mama wa watoto katikati na wachanga wake wawili, mmoja mbele, mmoja mgongoni. Kulikuwa na akina mama wa makabila yote mawili, maana mapasa hawachagui. Masufuria yalipigwa. Matusi yalianza nyumba ya pili tu, na nikasikia mambo ambayo sikujua kwamba mke wangu anayajua.

Kwenye bariyeri vijana walisimama na mapanga yao, nasi tukawazunguka. Akina mama waliwatukana mmoja mmoja, kwa vipimo. Wakaanza kuangalia chini na kucheka kwa aibu, wavulana tu. Nilijibana katikati ya shemeji zangu, nikitikisa bega moja, nikiamini kwamba nacheza.

Komanda akainua mkono. Masufuria yakanyamaza.

«Ule pale,» akasema, akininyooshea kidole. «Haiko Prof ule?»

Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka nyembamba, labda kwa sababu ya kitenge.

«Papa Mapasa haimbi? Donc iko mapasa ya uongo. Aimbe.»

Fundi alikuwa hatua tatu nyuma yangu, beseni kichwani. Wote walinitazama, na mimi sikuujua hata wimbo mmoja. Miaka kumi na tisa ya heshima ilikuwa imeniacha mtupu. Nilitafuta kichwani kitu chochote chenye mistari, na kitu pekee nilichokikuta ni ile dikte. Nikaianza, kwa Kifaransa, kwa sauti ya wimbo wao: mkulima anaamka mapema. Mkulima anaenda zizini. Mke wangu, mikono mifukoni mwa suti yangu, akaitikia kwa Kiswahili alichoenda kufanya mkulima zizini. Mkulima anamkaribia ng'ombe wake. Akina mama wakaeleza kwa nini. Nilikwenda hivyo mpaka nukta ya mwisho, na viuno vikajiendea vyenyewe, na nakiri kwamba mahali fulani kati ya zizi na malisho nilisahau kuogopa.

Komanda alicheka mpaka akakaa juu ya pipa na kufuta macho. Kisha alitoa sigara mbili mfukoni, akaziweka katika kikapu cha zawadi za watoto, akauinua mwanzi kwa mkono wake mwenyewe. Tukapita. Fundi alipofika mbele yake, Komanda aliangalia chini, kwenye zile kandambili kubwa zenye vumbi la mbao.

«Mama huyu iko na miguu mikubwa,» akasema.

Fundi aliliweka sawa beseni kichwani.

«Pita, mama,» akasema, akageukia upande wa pili.

Kule bichi, fundi aliingia katika mtumbwi wa shemeji zangu akiwa bado amevaa blauzi. Nilitaka kumwambia neno zito, nikaishia kumwambia bon courage, yaani jipe moyo. Yeye alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akalia waziwazi, na udongo mweupe ukamchirizika hadi shingoni. Sasa anaishi mjini na ana karakana ndogo nyuma ya nyumba ya shemeji yake. Masharubu yamerudi.

Saa nne kamili vijana walikuja kwetu. Walihamisha kila gunia katika stoo. Komanda alisema kwa sauti kubwa, ili wenzake wote wasikie, kwamba hakuna mtu, wakachukua jogoo wetu, wakaondoka. Nilipofunga mlango nilimwambia mke wangu, nikiwa bado na udongo masikioni, kwamba wimbo wangu ndio uliomwokoa fundi.

«Mutu mwenye iko anakuya kukamata mutu,» akasema, «hasemake saa.»

Alilisema kwa upole na akaenda kuosha kitenge chake. Kwa hiyo yule kijana alikuwa ametupa siku nzima, mbele ya wenzake wote, na mimi peke yangu ndiye sikuisikia.

Majuma matatu baadaye kijana huyo alikuja nyumbani peke yake, bila panga. Alivua kofia, akakaa kwenye ncha ya kiti, mahali wanafunzi wangu hukaa wakija kuomba alama. Dada yake mkubwa ameolewa na mtu wa kabila lile jingine, kijijini, kwenye njia ya reli. Mume amekimbilia msituni, dada amebaki na watoto wawili kati ya watu wanaomtazama vibaya, na njia ina bariyeri ya vijana wa kabila hilo. Yeye Komanda mwenyewe akionekana huko hatarudi.

«Prof,» akasema, «bale mapasa banaweza kufika kule?»

Nilielewa kila neno. Nilielewa pia kwamba huko sitakuwa na mwanafunzi wa zamani, na kwamba wenye bariyeri ile hawajui dikte yangu. Nikakaa sawasawa, nikasafisha koo, na kwa sauti ileile ninayotumia darasani nikamwambia kwamba, kwa bahati mbaya, mila ni mila, mapacha hutolewa nje mara moja tu.

Alitikisa kichwa polepole. Akasema merci, Prof. Akavaa kofia, akatoka.

Mke wangu alitokea jikoni na mikono yenye sombe, majani ya mihogo.

«Hiyo sheria,» akasema, «ulisoma mu kitabu gani?»

Sikuwa na kitabu. Sheria kama hiyo haipo, nilikuwa nimeitunga hapohapo kwenye kiti, mimi niliyeidharau mila hiyo maisha yangu yote. Yeye alikuwa tayari mlangoni, akimwita yule kijana kwa jina lake la nyumbani, kumbe analijua. Siku ya Alhamisi waliondoka, mke wangu, mama wa wale watoto na akina mama wengine sita wa mapacha, wa huku na wa kule, na udongo wao na masufuria yao. Mimi nilibaki kulinda nyumba. Nililinda vizuri: niliketi ndani, mlango umefungwa, nikisikiliza upande wa reli.

Walirudi alasiri, wamechoka, wengine bila sauti. Dada wa Komanda alikuwa nao na watoto wake wote wawili. Wanalala katika stoo mpaka sasa, pale yalipokuwa magunia ya makala.

Siku ileile ya kwanza mke wangu alimwambia yule dada kwamba ni Papa Mapasa wa nyumba hii aliyewatuma. Nilimuuliza faraghani kwa nini alisema uongo huo. Akasema, «Juu siku ingine bakikuomba, uone haya ya kukatala.»

Basi kila asubuhi yule dada huniletea chai, hupiga goti kidogo na kusema, merci papa, ulituokoa. Nami naitikia.